Vitufe vya Bwana Bonyeza

Kwanza lieleweke hili: marehemu hakuwa mlevi. Hakuionja pombe ujanani wala uzeeni, na siku ile alipokataa kubonyeza mbele ya mahakama nzima, kinywani mwake hamkuwa na harufu yoyote ila ya chai aliyokunywa nyumbani. Wanaosimulia kwamba alitolewa ukumbini akiyumba hawakuwapo. Wanaosema alihongwa ili kesi ivurugike hawakuwapo pia, na baadhi yao jengo lenyewe la mahakama wanalijua kwa kulipita tu wakienda zao sokoni. Habari hiyo imetiwa chumvi mpaka imebaki chumvi tupu. Yaliyotokea ni haya.

Alikuwa karani wa vielelezo mahakamani. Kielelezo ni kitu chochote kinacholetwa kuthibitisha jambo katika kesi: kisu, shati, kufuli lililovunjwa. Vyake yeye vilikuwa vya video. Picha za kamera za magetini, picha zilizochukuliwa kwa simu barabarani, mashahidi waliorekodiwa wakitoa maelezo yao. Vyote vilipita mikononi mwake. Alikaa kwenye meza ndogo chini ya kiti cha jaji, kompyuta mbele yake, na ukutani palikuwa na skrini kubwa iliyowaonyesha watu wote kila kilichokuwa kwenye kompyuta ile. Jaji akisema, "Karani, bonyeza," anabonyeza. Akisema asimamishe, anasimamisha. Mawakili wakampachika jina la Bwana Bonyeza, likamganda, likatoka mahakamani likamfuata mpaka mtaani kwake. Mkewe, mwalimu wa sekondari, aliliona jina la kihuni. Mwenyewe alilicheka tu. Alisema wapo waliopewa majina mabaya zaidi na wakayastahili.

Alianza pale akiwa tarishi wa kubeba majalada, kijana mwembamba mwenye mashati mawili na pasi ya mkaa. Zilipoletwa kaseti za video, makarani wenzake walikataa kuzigusa wakiogopa kuziharibu, yeye akazishika. Kaseti zikapitwa na wakati, zikaja kompyuta, naye akahama nazo. Katika miaka yote hiyo hakupoteza kielelezo hata kimoja, wala hakuwahi kusimulia nyumbani alichokiona kwenye skrini. Mkewe alijifunza kutomuuliza. Siku ambayo ameona jambo baya ilijulikana kwa namna alivyovua viatu: taratibu, kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa.

Kisha kidole kikaanza.

Kilikuwa kidole gumba cha mkono wa kulia. Akiwa ameketi tu, kinacheza peke yake, kikisugua kidole cha pembeni kana kwamba kinatafuta punje ya mchanga. Akikitazama, kinatulia, akikisahau, kinaanza tena. Baadaye vidole vingine vikafuata, na kiganja chote kikawa kinatikisika kama kitu kilichowekwa juu ya injini. Hakumwambia mtu. Mkono akautia mfukoni. Chai akawa anajimiminia nusu kikombe, akidai amesikia redioni kwamba chai nyingi si nzuri kwa watu wa umri wake. Wembe nao ukamshinda. Baada ya kujikata kidevuni mara kadhaa, akaanza kwenda kwa kinyozi kila asubuhi kabla ya kazi.

Uvumi ulizaliwa hapo kwa kinyozi. Kibanda chake kilikuwa ndani ya kichochoro, ukuta mmoja na baa, na mlango unaoonekana kutoka barabarani ni wa baa. Watu wakamwona mtu mzima, shati limenyooshwa vizuri, akipotelea kichochoroni asubuhi asubuhi, kisha akitoka anajifuta mdomo na kidevu huku mkono unamtetemeka. Yaliyobaki walijazia wenyewe.

Lakini yeye wakati huo hakuwa na habari na watu wa mtaani. Alikuwa na hofu kubwa zaidi, na hofu hiyo ilikuwa na umbo la kitufe kidogo mno.

Programu aliyoitumia kuonyeshea video ilikuwa na upau chini yake, mstari wa vitufe vilivyobanana kama meno. Cha kuchezesha na kusimamisha, ubavuni mwake cha kwenda kwenye kipande kinachofuata, cha kurudi nyuma, cha kuzima kabisa, na vingine ambavyo tangu azaliwe hajawahi kuvihitaji. Kwa mkono uliotulia, hakuna shida. Siku moja, katika kesi ya lori lililogonga ukuta wa mtu, jaji alisema simamisha, naye alipokusudia kusimamisha, mshale uliteleza upana wa punje ya mchele tu ukaangukia kitufe cha jirani. Skrini ikaruka kwenye kipande kilichofuata. Dereva wa lori akaonekana ukutani, mkubwa kama nyumba, akijichana nywele kwenye kioo cha gari. Watu wakacheka. Jaji mwenyewe akatabasamu, akasema huyo bado hawajamfikia. Bwana Bonyeza alicheka pamoja nao, na ndani ya shati kijasho chembamba kikamshuka mgongoni.

Kwa maana alijua kilichokaa kwenye diski nyingine. Utaratibu wa pale ulikuwa kwamba vielelezo vyote vya video vya kesi moja hukaa kwenye diski moja iliyofungwa kwa lakiri, kwa mpangilio vilivyopokelewa, na karani haruhusiwi kunakili, kuhamisha wala kufuta chochote. Lakiri huvunjwa mbele ya mawakili wa pande zote. Diski ikiingia kwenye mashine, programu huvipanga vipande vyote foleni, kimoja nyuma ya kingine. Na katikati ya picha za magari na mageti, kuna siku hukaa kipande ambacho ni kwa macho ya jaji peke yake, ofisini kwake, skrini ya ukutani ikiwa imezimwa: mtoto anayeeleza alichotendewa, au shahidi ambaye uso wake ukijulikana, maisha yake yamo hatarini. Kati ya uso huo na ukumbi mzima palikuwa na upana wa punje ya mchele na mkono wake.

Akaacha kwenda kula mchana. Ukumbi ukiwa mtupu, alibaki kwenye meza yake akijizoeza. Alijaribu kutumia kibodi, ikawa balaa zaidi, kwa sababu kidole kilichokusudia kugonga mara moja kiligonga mara mbili, video ikasimama na kuendelea papo hapo. Alijaribu mkono wa kushoto. Ulikuwa imara lakini mjinga, mshale ukikimbilia kusikotakiwa. Alijaribu kuubana mkono wa kulia kwa wa kushoto, mpaka ukafa ganzi.

Njia aliyoipata, aliipata kwa mtetemeko wenyewe. Kidole kilibonyeza upande usiotakiwa wa mausi, juu ya upau, na dirisha ambalo hajapata kuliona likafunguka. Alidhani ameharibu mali ya serikali. Alipotulia akasoma, akaona kwamba ule upau si wa kudumu. Chini palikuwa na mfano wake, juu palikuwa na ghala la vitufe, na mtu angeweza kukishika kitufe chochote, kukiburuta nje ya upau na kukiachia, kikatoweka.

Alikishika cha "kinachofuata". Kilimponyoka, akakishika tena. Alikiburuta huku mshale unatetemeka njia nzima, akakiachia nje, kikang'oka kama jino bovu. Akaketi akitazama pengo lake. Kisha akang'oa cha kurudi nyuma, cha kuzima, na vile vyote visivyo na kazi. Mstari wa muda, ule wa kuvuta video mbele au nyuma, akauhamishia juu kabisa ya picha, mbali na mkono. Kwenye ghala akakuta kitu kinachoitwa nafasi: hakina kazi yoyote duniani ila kukaa kati ya vitufe viwili visigusane. Akaziweka nafasi hizo moja baada ya nyingine, kulia na kushoto. Palikuwa pia na kisanduku cha kutia alama ukitaka kitufe kiwe kikubwa. Akakitia alama.

Alipomaliza, upau ulibaki na kitufe kimoja kipana kama kiganja, kikiwa peke yake katikati ya uwanja, na mbali kule pembeni cha sauti. Akaweka mkono juu ya mausi, akauacha utetemeke utakavyo, akabonyeza. Video ikasimama. Akabonyeza tena, ikaendelea. Mshale ukateleza ukaangukia pale patupu. Akabonyeza, na hakikutokea kitu. Akaubonyeza utupu ule tena na tena, kama mtu anayelikanyagakanyaga daraja kabla ya kulivuka.

Hivyo ndivyo alivyofanya kazi kwa muda mrefu, na kazi yake haikuwa na dosari. Wakili mmoja mtani aliona ukutani lile likitufe, akauliza limeumwa na nyuki au vipi. Bwana Bonyeza akajibu kwamba ni macho, uzee umebisha hodi. Watu wakacheka, mambo yakaisha. Lakini mtu mwenye kuficha jambo hapati raha. Kila asubuhi, kabla jaji hajaingia, alifungua programu kuhakikisha vitufe viko alivyoviacha, na mpaka avione, hakumsalimia mtu.

Kisha dada yake mkubwa akaleta uvumi nyumbani. Alikuja jioni, akakataa kiti, akasimama sebuleni na mkoba wake begani. Bwana Bonyeza alikuwa chumbani anabadilisha nguo, na ukuta wa chumba ulikuwa mwembamba.

"Wifi," dada alisema, "mdogo wangu ameanza kunywa lini?"

"Nani kakwambia anakunywa?"

"Niambiwe na nani tena? Mtaa mzima. Wanasema kile kibaa cha kichochoroni anafungua yeye."

"Anakwenda kunyolewa."

"Kila siku? Ana ndevu gani hizo, za beberu?"

Mkewe alimjibu kwa sauti ya darasani kwamba chai ipo kama anataka chai, ila maneno ya vichochoroni hayaingii katika nyumba hiyo. Dada akasema basi, mgonjwa haponi kwa kufichiwa, akaondoka bila kuaga. Mkewe alipoingia chumbani alimkuta mumewe amesimama vile vile alivyoingia, shati bado mwilini, mkono wa kulia unahangaika na kifungo cha mkono wa kushoto, na kifungo hakitaki.

Hakumwuliza kama anakunywa, maana alikuwa anamjua. Alimfungua vifungo, kimoja kimoja, kisha akauliza tangu lini. Akaambiwa yote: kidole, wembe, dereva wa lori, vitufe alivyoving'oa. Na akaambiwa kilichokuwa kinamnyima usingizi wakati ule, nacho kilikuwa kesi ya ghala.

Wanaume kadhaa walishtakiwa kwa kuvunja ghala na kumpiga mlinzi mpaka akawa kilema. Kipande kimoja cha video kilitoka kwenye kamera ya geti, na hicho kilikuwa cha kuonyeshwa hadharani. Kipande kilichokifuata kilikuwa cha mwanamke aliyefagia ghala lile, aliyewaona wote na kuwatambua. Alizungumza uso wazi, kwa ajili ya jaji peke yake. Ndugu za washtakiwa walikuwa wanamtafuta shahidi huyo mji mzima, nao walikuwa hawakosi kikao hata kimoja. Bwana Bonyeza alikuwa amemwona, kwa kuwa kila diski huijaribu mwenyewe kabla haijafungwa lakiri. Mwishoni mwa maelezo yake mama yule alimwuliza askari aliyekuwa akimrekodi kama kuna mtu atakayeuona uso wake. Askari akamwambia hapana, mama, hatauona mtu. Naye akaamini, akafunga kitambaa chake kichwani, akaondoka.

"Nataka nimwambie Msajili," Bwana Bonyeza alimwambia mkewe. "Kabla ya kesi hiyo. Niseme mkono unaniharibikia, wamweke mwingine."

Mkewe alifikiri kama mtu yeyote mwenye akili na nyumba ya kulinda angefikiri. Msajili ana katibu muhtasi, katibu muhtasi ana mdomo. Dada mtu tayari ameshaamini ulevi. Jirani wangeliamini lipi, ugonjwa au baa? Na vitufe si alishavitengeneza? Si vinafanya kazi?

"Subiri kesi iishe," alimwambia. "Usijipeleke mwenyewe midomoni mwa watu."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, na mumewe akaona ni sawa.

Pale mahakamani alikuwapo fundi wa kompyuta, mtu mcheshi, mwenye kujua jina la kila mtu na siku yake ya kuzaliwa. Walimwita Waya. Siku moja kabla ya kesi ya ghala alipita akisafisha mashine zote, kupuliza vumbi na kuondoa uchafu wa ndani. Alipofika kwenye mashine ya karani wa vielelezo akaifungua programu ya video, akakuta upau umeharibika kabisa. Vitufe karibu vyote hakuna. Kilichobaki kimevimba. Nafasi kama mapango kila upande. Waya alimhurumia mzee wa watu kwa kufanya kazi na kitu kama kile bila kulalamika. Akabonyeza mahali pa kurudisha kila kitu kilivyotoka kiwandani, akajisikia vizuri kwa kutenda wema, akaenda zake.

Asubuhi ya kesi Bwana Bonyeza aliwahi, lakini hakuruhusiwa kuingia. Kwa sababu ya kesi yenyewe, askari walikuwa wanaupekua ukumbi benchi kwa benchi, na hakuna aliyeingia mpaka jaji alipokuwa tayari koridoni. Akakutana na Waya mlangoni. Waya akamwambia mashine yake amempigia msasa, sasa inang'aa. Bwana Bonyeza akamshukuru kwa heshima, akadhani ni habari za vumbi.

Ukumbi ulijaa. Ndugu za washtakiwa walikaa benchi za mbele, wamevaa vizuri kama watu waliokuja kuposa. Jaji akaingia, watu wakasimama, wakakaa. Lakiri ikavunjwa mbele ya mawakili. Diski ikaingia. Bwana Bonyeza akafungua programu, akainua macho ukutani.

Vitufe vyote vilikuwa vimerudi. Vidogo, vimebanana, meno mdomoni. Cha kuchezesha; na pale pale karibu, kimemkodolea, cha kipande kinachofuata.

Kule nyuma, karibu na mlango, Waya alimwinulia kidole gumba.

"Karani, bonyeza," jaji alisema.

Aliweka mkono juu ya mausi, na ukutani mshale ukatokea. Kwenye kompyuta yake ulikuwa mshale mdogo. Kule juu ulikuwa mkubwa kama sahani, na ulitetemeka. Watu wote wakauona. Ulikaribia kitufe, ukapita, ukarudi, ukasimama juu ya cha jirani yake ukigongagonga kama nzi kwenye kioo. Aliuondoa. Akajaribu kubonyeza upande ule mwingine wa mausi ili lile dirisha lifunguke, atoe kitufe kile kwanza; dirisha likafunguka, mkono ukalifunga. Akajaribu tena, likafunguka, likafungika. Kila alivyozidi kuogopa ndivyo mkono ulivyozidi, na kila ulivyozidi ndivyo alivyoogopa.

Mtu mmoja benchi la mbele akamnong'oneza mwenzake kwa sauti ya kusikika kwamba mzee leo hajazimua. Kicheko kikapita ukumbini. Neno la ulevi lilizaliwa upya pale, kwenye mdomo wa ndugu wa mshtakiwa, na watu wa heshima wakalipokea wakalibeba mpaka nyumbani kwao.

"Karani, kuna tatizo?" Jaji aliinama kidogo mbele.

Angeweza kusema mashine ni mbovu. Baadaye alimwambia mkewe kwamba maneno hayo yalikuwa yameshafika kwenye ulimi. Mashine ni mbovu, Mheshimiwa. Nani angebisha? Waya angeitwa, angeipapasa, angesema mbona nzima, na mshale ungerudi ukutani na mkono ungekuwa ule ule. Au angeweza kujikaza, akabonyeza, akaomba Mungu. Huenda angelenga. Siku nyingi angelenga. Akawatazama wale wa benchi la mbele. Mmoja wao alikuwa ameweka viwiko magotini, shingo ameinyoosha, macho kwenye skrini bila kupepesa.

Bwana Bonyeza akautoa mkono kwenye mausi. Akaushika kwa mkono wa pili mbele ya tumbo lake, mahali ambapo kila mtu angeuona, akasimama. Miguu nayo ilikuwa inatetemeka, lakini hiyo ilikuwa hofu tu.

"Mheshimiwa, siwezi kubonyeza," alisema.

"Huwezi, au hutaki?"

"Siwezi. Mkono wangu unatetemeka. Nikikosea kitufe, ninaweza kuwafungulia watu kisichotakiwa kufunguliwa. Naomba diski itolewe kwanza."

Jaji akamtazama, kisha akautazama mkono, ambao sasa ulikuwa unaruka kama samaki ndani ya mkono mwenzake.

"Karani, nalazimika kukuuliza. Umekunywa?"

"Sijawahi kunywa, Mheshimiwa. Naumwa. Ni muda mrefu sasa, na sikumwambia mtu."

Maneno yake yalikuwa hayo, wala hakuongeza mengine. Diski ikatolewa. Kesi ikaahirishwa kwa wiki moja, na kwa sababu iliahirishwa, upande wa mwenye ghala nao ukaanza kunong'ona kwamba karani amelipwa acheleweshe. Hivyo kwa dakika chache mtu mmoja akageuzwa mlevi na upande huu, na mla rushwa na upande ule. Alitoka kwa mlango wa pembeni akitembea wima, akiwa na askari mmoja aliyemshika kiwiko kwa sababu aliona uso wake umekuwa wa majivu. Wanaosema alisukumwa nje wamkumbuke askari huyo.

Waya alimfuata koridoni. Alipoelezwa vitufe vile vilikuwa vya nini, alikaa chini kwenye ngazi, yeye na ucheshi wake wote, akashika kichwa. Kesho yake walirudi pamoja kwenye ukumbi mtupu. Waya akaburuta, Bwana Bonyeza akaelekeza kwa mkono wa kushoto: kile toa, hapa weka nafasi, weka nyingine, kikuze hicho. Kesi iliporudi Waya ndiye aliyekaa kwenye ile meza ndogo. Kipande cha geti kikaonyeshwa, kikasimamishwa kilipotakiwa kusimamishwa. Uso wa mama wa ghala haukuonekana na mtu asiyetakiwa kuuona, si siku hiyo wala siku nyingine.

Siku ile ya kwanza alirudi nyumbani mapema, akavua viatu taratibu. Mkewe akauliza kama amesema mbele ya wote. Akajibu, mbele ya wote. Mkewe aliviokota viatu, akavipanga mlangoni. Alikuwa anawaza dada mtu, jirani, walimu wenzake, posa ya binti yao iliyokuwa inazungumzwa wakati huo. Kisha akamtazama alivyokaa, mabega yamemshuka, akimwangalia yeye kama mshtakiwa anayesubiri kusomewa. Hakumsomea kitu. Alimwambia akaoge, maji yapo.

Mahakama haikumfukuza. Alipewa kazi ya kupokea majalada dirishani, akaifanya mpaka ilipomshinda, akastaafu kwa heshima, na jaji yule yule akaja kumuaga na kumshika mkono wa kulia bila kuuogopa. Hilo nalo wanaosimulia wamelisahau.

Lakini hofu haikustaafu. Siku zilizofuata alikuwa akiamka asubuhi anailaza mikono yote miwili juu ya shuka, anaitazama, wa kulia unaocheza na wa kushoto uliotulia. Aliutazama zaidi huo uliotulia. Akisikia mkewe anajigeuza, aliifunika upesi, kama mtu aliyekutwa anasoma barua isiyo yake. Mkewe aliona, na hakusema kwamba ameona.

Sasa wapo wanaokuja na pole mkononi na swali mdomoni. Ugonjwa ule uliitwaje. Mkono wa kushoto nao ulianza? Alikwenda vipi siku za mwisho? Ni wa kurithi, maana binti naye siku hizi ameonekana ameshika kikombe kwa mikono miwili? Yaliyohusu mahakama yalikuwa ya watu wote, na yamesemwa hapa yote. Hayo mengine ni ya nyumba yake, na hayatasemwa.